Kiuno, tansio na sukari: mwongozo wa kupunguza tumbo kwa chungu cha nyumbani Lubumbashi

Hapa Lubumbashi unene una heshima yake. Kijana akipata kazi kwenye kampuni ya madini, mwaka haujaisha mashemeji wanamwangalia tumbo kujua kama mshahara unaingia kweli. Bibi arusi akikonda, wazazi wake wanaulizana kama mkwe anamlisha mtoto wao. Na mtu mzima akipungua kilo chache, hawakosi wa kunong'ona habari za Sida au kifua kikuu. Ninaanza na hilo kwa sababu nimeona linawazuia watu kuliko njaa yenyewe. Wanajua tansio yao, yaani msukumo wa damu, iko juu, wanajua miguu inawaka moto usiku, ila wanaogopa zaidi macho ya majirani wa Katuba kuliko kiharusi.

Kwa hiyo niseme mapema: mwongozo huu haukuombi uwe mwembamba. Unakuomba upunguze asilimia 5 hadi 7 ya uzito wako, zaidi kutoka tumboni, na usizirudishe. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kama kilo 5 au 6. Nguo zake zitalegea kidogo, basi, lakini ndani ya mwili mambo mengi yatabadilika. Mwaka 2002 Marekani ilitangaza matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufika kwenye diabeti. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata diabeti kwa asilimia 58, katika muda usiofika miaka mitatu. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Chakula na miguu vilishinda dawa. Kwa tansio nako, kila kilo moja inayotoka huelekea kushusha namba ya juu kwa kiasi cha pointi moja.

Kwa nini tumbo na si mapaja

Mafuta ya makalio na mapaja hayana madhara makubwa sana. Yale yanayokaa ndani ya tumbo, yakizunguka matumbo na kuingia hadi kwenye ini, ndiyo yenye shida. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoruhusu sukari ya damu iingie kwenye misuli. Ini na misuli vikijaa mafuta haviitikii insulini vizuri, kwa hiyo kongosho linatoa nyingi zaidi ili kazi ifanyike. Miaka inapita hivyo na mwenyewe hasikii chochote. Kisha kongosho linachoka, sukari inabaki kwenye damu, na hapo ndipo mtu anaambiwa ana diabeti ya aina ya 2.

Tansio inapanda kwa njia nyingine. Mafuta hayo yanabana figo na kuamsha homoni zinazofanya mwili ushike chumvi na maji, mishipa inakaza, na moyo unasukuma damu kwa nguvu zaidi mchana na usiku. Tansio na sukari zikikutana katika mwili mmoja zinasaidiana kuharibu: kiharusi, moyo kuchoka, figo kufa, macho kupoteza nuru, kidonda cha mguu kisichopona. Tena kuna saratani. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitaja aina 13 zinazohusiana na unene, zikiwemo ya titi kwa mama aliyekoma hedhi, ya mji wa mimba, ya utumbo mpana na ya ini. Sitaji magoti, wala kukoroma kule ambako pumzi inakatika usiku hadi mke anamwamsha mumewe kwa hofu.

Hatuko peke yetu katika hili. Mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na unene wa kupindukia. Na si uvivu tu. Kuna damu ya ukoo, kuna bei za sokoni, kuna kazi za kukaa kutwa nzima. Anayemtukana mama mnene kwenye foleni ya kituo cha afya anamfukuza asirudi, na asiporudi tansio yake haipimwi.

Hatua ya 1: Jipime kwa kamba

Huhitaji mizani kuanza. Chukua kamba, au ukingo wa kitenge kisichovutika. Simama wima, mtu akukatie kamba iliyo sawa na urefu wako kutoka kisigino hadi utosini. Ikunje katikati. Sasa zungusha hiyo nusu kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mahali ambapo kwa wengi ni karibu na kitovu. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hapo ndipo inafaa kibaki. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamefika kiwango cha kushughulikiwa.

Mwenye tepu ya fundi cherehani anaweza kutumia sentimita: hatari huanza kupanda kwa mwanamume kwenye 94 na kwa mwanamke kwenye 80, na inakuwa kubwa kwenye 102 na 88.

Ukipata mizani, gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 85 mwenye mita 1.65: 1.65 mara 1.65 ni 2.72, na 85 gawa kwa 2.72 ni 31. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Vipimo hivi vyote si vya mama mjamzito wala vya watoto. Mjamzito asijaribu kupungua. Awaambie wanaomhudumia kliniki wamwangalie tansio na sukari, basi.

Hatua ya 2: Pima tansio na sukari kabla ya kubadilisha chakula

Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu hawaumwi popote. Tansio haiumi. Sukari nayo mwanzoni haiumi. Nenda kituo cha afya cha mtaa wako, hakuna haja ya kusubiri upate feza za kwenda hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu.

Jinsi ya kupimwa tansio vizuri ni jambo la kujua wewe mwenyewe, kwa sababu mahali penye watu wengi mambo hufanywa haraka. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda ukakojoe. Kaa dakika 5 umeegemea kiti, miguu chini bila kuikunja, mkono juu ya meza sawa na moyo, na usiongee wakati mashine inafanya kazi. Kisha jambo linalowahusu sana watu wanene: kile kitambaa kinachofungwa mkononi. Kikiwa kidogo kwa mkono mkubwa, kinaonyesha tansio ya juu kuliko ilivyo. Omba kwa heshima kile kipana. Wapo watu wanaopewa dawa za tansio ambayo hawanayo kwa sababu ya kitambaa, na hilo linaniuma.

Pima mara mbili kwa siku moja, urudi siku nyingine. Namba zikikaa kwenye 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni tansio ya kutibiwa. Chini ya 120 kwa 80 ni vizuri. Katikati ndipo chakula na kutembea vinaweza kukuokoa na dawa.

Sukari ipimwe asubuhi, baada ya saa 8 bila kula, maji tu yanaruhusiwa. Ikiwa 126 au zaidi, ikarudiwa siku nyingine ikawa vilevile, ni diabeti. Kati ya 110 na 125 ni onyo, na wengine huanza kuonya kwenye 100. Mashine nyingine zinasoma kwa kipimo kingine ambamo 126 inaonekana kama 7, kwa hiyo ukiona namba ndogo usishangilie kabla ya kuuliza.

Nunua kaye ndogo, yaani daftari. Andika tarehe, kiuno, kilo, tansio, sukari.

Hatua ya 3: Ongea na anayepika

Hapa mipango mingi inakufa. Mwanamume anatoka kwa daktari na karatasi, anafika nyumbani anasukuma sahani, mke anafikiri amekula kwa mwanamke mwingine au chakula chake kimechukiwa. Au mama anaamua kupika bila mafuta mengi, mama mkwe anayekaa nao anasema nyumba imeingia umaskini.

Sema mapema, na useme kwa adabu. “Mama Ilunga, chakula chako hakina kosa. Tansio yangu ni 150, na miye sitaki kukuachia watoto hawa peke yako. Nisaidie tupunguze mafuta na chumvi kwenye chungu cha wote, tusipike vyungu viwili.” Kwa mkubwa ni vizuri kutumia kaye: “Mama, tazama namba hizi, daktari ameziandika.” Wazee wanaheshimu maandishi ya daktari kuliko maneno ya mtoto.

Waambie pia kwamba utapungua kidogo, na kwa nini. Jirani akianza kunong'ona, ba-yaya na mashemeji watakuwa na jibu tayari. Na ukweli ni kwamba wale walio wazima ndani ya nyumba nao wanafaidika na chungu hicho. Isipokuwa mtoto mdogo aliyekonda. Huyo yeye aongezewe kijiko cha mafuta na karanga zilizotwangwa kwenye uji wake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta watoto 43 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 nchini Kongo wamedumaa, kwa hiyo si ajabu kumkuta mama mnene na mtoto aliyedumaa chini ya paa moja. Tena mtoto aliyekosa chakula mwanzoni ndiye anayekuwa katika hatari kubwa zaidi ya tansio na sukari akija kunenepa ukubwani. Kumlisha vizuri leo ni kumkinga na diabeti ya miaka 40 ijayo.

Hatua ya 4: Badilisha chungu

Anza na mafuta, ndiyo yanayoleta tofauti kubwa kwa taabu ndogo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe ya ngazi (mawese) au ya chupa, kina kilokalori kama 120, na mtu wa kilo 70 anatembea karibu nusu saa kuzichoma. Sasa kumbuka mkono wa mpishi unavyomimina bila kupima. Kanuni yangu: kijiko kikubwa kimoja kwa kila mlaji kwa chungu kizima, kisizidi. Pimeni kwa kijiko wiki mbili za kwanza, baadaye jicho litazoea. Mafuta ya ngazi hayana ubaya wa pekee kwenye kiasi kidogo. Mekundu yana hata vitamini ya macho, ila karibu nusu yake ni mafuta mazito ya aina inayopandisha kolesteroli.

Sombe, yaani majani ya muhogo, inastahili neno lake. Chungu kimoja huwekwa mafuta ya ngazi, karanga zilizotwangwa, ndagala, na wakati mwingine nyama ya mafuta juu yake. Chagua: karanga au mafuta, si vyote viwili. Sombe ya karanga ikipikwa vizuri ni tamu yenyewe, na ukipenda weka bilinganya, vitunguu na nyanya nyingi. Ila usifupishe kuchemsha ili kuokoa makaa. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu.

Lengalenga, matembele na kabeji ni rafiki zako wakubwa, na ni za bei nafuu wakati wa mvua. Soko la Kenya au Mzee, mafungu mawili badala ya moja. Lengo ni nusu ya sahani iwe mboga, robo bukari (ugali), robo samaki, maharage au yai. Wanaoweka bikabonati ili maharage au majani yaive upesi wajue nayo ina sodiamu kama chumvi, kwa hiyo inapandisha tansio. Loweka maharage usiku kucha na umwage yale maji.

Bukari. Najua kumwambia Mkatanga apunguze bukari ni kama kumgusa mzazi wake, kwa hiyo simwambii aache. Mahindi hayana kosa. Shida ni mlima, na ni unga mweupe uliokobolewa hadi ukabaki wanga mtupu. Ukipata mahindi makavu yasiyo na ukungu, yapeleke mashineni yasagwe na pumba zake, au changanya nusu kwa nusu na unga mweupe mpaka familia izoee. Bukari hiyo inashibisha mapema na sukari inapanda polepole. Kisha acheni kula kwenye sahani moja kubwa kwa muda, kila mtu apakuliwe yake. Kwenye sahani ya pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenye kasi ndiye anayemaliza. Anza kwa kutoa robo ya ulichozoea, ukae hapo wiki tatu. Ngumi zako mbili ni kiasi kinachomtosha mtu mzima asiyebeba mizigo. Anayechimba au kusukuma baiskeli ya makaa toka Kipushi anahitaji zaidi, huyo simhesabu hapa.

Tatizo la kweli la wengi mjini ni kwamba wanakula mara moja kwa siku, usiku. Asubuhi chai ya sukari, mchana kitumbua na sukre (soda), saa mbili usiku mlima wa bukari, kisha kulala. Mwili uliokaa na njaa kutwa hauwezi kupima. Sisemi upate milo mitatu ikiwa feza hazipo. Gawa ile ile: kiazi kitamu cha kuchemsha au kiganja cha karanga mchana badala ya vile vitumbua viwili vya mafuta, na usiku utaona mkono unapunguza wenyewe. Na mle mapema kidogo, yapite masaa mawili au matatu kabla ya kulala.

Sukre na chai. Chupa ya sentilita 33 ina sukari kama gramu 35, yaani karibu vijiko vidogo 9. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kilokalori za siku, na bora iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja imeshapita hapo. Mwenye vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, amefikia vijiko 9 bila chupa. Punguza kijiko kimoja kwa kila kikombe kila wiki mbili, ulimi unazoea. Munkoyo wa nyumbani usiotiwa sukari ni bora kuliko sukre, ila nao uhesabiwe, una wanga. Watoto wadogo wasipewe sukre kabisa, hata siku ya Noeli. Najua hili litanikosanisha na bibi wengi, lakini nalishikilia.

Bia: chupa kubwa ina kilokalori kama 300, na ikipita pamoja na michopo na chumvi yake, usiku mmoja umeongeza mlo mzima juu ya chakula cha siku. Ukinywa tatu Jumamosi, anza kwa kuondoa moja, na agiza michopo nusu sahani na saladi ya nyanya kando.

Chumvi ni gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo kimoja, kwa vyote ulivyokula. Inajificha kwenye kube za kuungia mchuzi, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, kwenye makayabu (samaki waliokaushwa kwa chumvi) na kwenye ndagala wa chumvi. Loweka makayabu na umwage maji mara mbili. Ukitia kube, usitie chumvi. Ondoa kikopo cha chumvi mezani. Tangawizi, vitunguu saumu, pilipili na ndimu zitafanya kazi yake, na baada ya mwezi mmoja chakula cha zamani kitakuonekania kimezidi chumvi.

Hatua ya 5: Tembea

Lubumbashi ni mji tambarare, tuna bahati kuliko ndugu zetu wa Bukavu wanaopanda vilima, ingawa nao wanapata misuli. Unahitaji dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ni nusu saa siku 5. Shuka teksibasi vituo viwili kabla ya kufika, au ondoka Kamalondo mpaka katikati ya mji kwa miguu. Baiskeli ikiwepo, endesha.

Kipindi cha kiangazi, Mei hadi Septemba, asubuhi kuna baridi na vumbi: nenda jua likianza kupanda, kabla magari ya mizigo hayajajaa. Mvua ikija, tembea kwenye uwanja wa kanisa au panda na kushuka ngazi za nyumbani. Akina mama wanaohofia giza watembee wawili watatu. Nimeona vikundi vya kwaya vikitembea pamoja baada ya misa ya kwanza na vinadumu kuliko mtu mmoja aliyejiapiza.

Siku mbili kwa wiki fanya kazi ya misuli: kulima bustani, kubeba ndoo mkono huu na huu, kuinuka kwenye kiti mara 10 bila kushika. Mwenye magoti mabaya aanze na kiti. Mwenye diabeti avae viatu vilivyofunga, achunguze nyayo kila jioni, asitembee kandambili wala peku, maana kidonda kidogo asichokisikia ndicho kinachoondoa mguu.

Hatua ya 6: Kaa mbali na vidonge vya kunenepesha na chai za kukondesha

Hapa kwetu kuna biashara mbili zinazopingana zinazouzwa na mikono ile ile. Kwanza ni vidonge vya kuongeza mwili, wanavyopewa wasichana kwa siri ili wawe na makalio na mashavu. Vingine ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Vingine ni deksametasoni, dawa kali ya kortizoni. Deksametasoni inapandisha sukari na tansio, inadhoofisha mifupa, inapunguza kinga, na uso unajaa kwa maji na mafuta, si kwa afya. Tena hatari yake kubwa ni kuacha ghafla: tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza kortizoni ya mwili wenyewe, zimelala, mtu anaweza kuzimia na kufa. Ukigundua dada yako amezitumia kwa wiki nyingi, usimnyang'anye chupa. Mpeleke kwa daktari azipunguzwe taratibu, na usimtie aibu njiani.

Ya pili ni chai za kusafisha tumbo. Zinaharisha, mizani inashuka kwa sababu maji yametoka, mafuta yanabaki palepale. Kwa mtu wa tansio anayetumia dawa za kukojoza, kuharisha kunaweza kupoteza potasiamu na kuvuruga moyo.

Hatua ya 7: Rudi kwenye kaye

Kamba mara moja kwa wiki mbili, kilo mara moja kwa mwezi, tansio kila mwezi, sukari kila miezi 3 ikiwa ilikuwa kwenye onyo. Mwezi wa kwanza kilo zinashuka upesi, baadaye zinasimama. Ni kawaida. Mwili mdogo unatumia chakula kidogo na pia unajitetea kwa kuongeza njaa. Zikisimama wiki 4, angalia kijiko cha mafuta na sukre kwanza kabla ya kulaumu bukari. Kiuno kikipungua huku mizani imekaa, unaendelea vizuri.

Lakini ukikonda bila kujitahidi, ukiwa na kiu na kukojoa mara nyingi, au una kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, homa, huko si kufaulu. Nenda upimwe sukari, kifua kikuu na virusi vya Sida.

Unayetumia dawa tayari

Usiache kidonge cha tansio kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unakinywa. Ukipungua kilo, rudi kwa aliyekuandikia, huenda akapunguza dozi yeye. Anayechoma insulini au kunywa glibenklamidi asipunguze chakula bila kumwambia daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno: jasho, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Hapo anywe mara moja nusu chupa ya sukre au maji yenye vijiko vidogo 4 vya sukari, apimwe baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa amezimia asimwagiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Na kila mtu ndani ya nyumba, hata mtoto wa miaka 10, ajue hili: uso ukielemea upande mmoja, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakiburuta, au kifua kikibana kikienda hadi taya na mkono wa kushoto, hakuna kungoja asubuhi na hakuna kumpa kidonge cha jirani. Angalieni saa ilipoanza, mwandike kwenye kaye, mwingine atafute gari wakati huohuo, na mfike hospitali kubwa iliyo karibu na kaye hiyo mkononi.